Kulirudisha barabarani gari la umeme la miaka ya 1910

Kosa kubwa hufanyika siku ileile gari linapoingia gereji. Mtu ananunua betri mpya, anazifunga, kisha anasukuma wenzo mbele aone kama litasogea. Wakati mwingine husogea. Mara nyingi zaidi kinachotoka ni moshi chini ya kiti, na mota iliyokaa salama miaka themanini inaungua kwa sekunde kumi. Betri ni kitu cha mwisho kufunga katika kazi hii. Mota huanza, kontrola (swichi kubwa inayoendeshwa na wenzo) hufuata, kisha waya, breki na ekseli. Betri hukuta kila kitu kimeshapimwa.

Mwongozo huu unahusu magari ya mjini yaliyotengenezwa Marekani kuanzia karibu 1905 hadi 1920: Detroit Electric, Baker, Rauch & Lang, Milburn na mengine ya aina hiyo. Majina yanatofautiana, mpangilio ni ule ule: betri zimegawanywa mbele na nyuma, mota moja ya mkondo mnyoofu (DC) yenye koili za sumaku zilizofungwa kwa mfuatano na rota, yaani sehemu inayozunguka, kontrola ya ngoma, na ekseli ya nyuma isiyo na sanduku la gia. Magari ya kizazi cha kwanza, kama lile la William Morrison wa Des Moines la karibu 1890 au Electrobat ya Philadelphia ya 1894, yalikuwa majaribio. Likikuangukia la umri huo, lisafishe, lipige picha, uliache lilivyo.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Mbelgiji Camille Jenatzy alifikisha kilomita 105.88 kwa saa kwa gari la umeme kule Achères, Ufaransa, tarehe 29 Aprili 1899, na rekodi hiyo huwafanya watu watarajie makubwa. Gari la mjini halikuundwa hivyo. Detroit Electric hukimbia kama kilomita 32 kwa saa, na ekseli, breki na magurudumu yake vyote vimepimwa kwa mwendo huo. Ukiongeza volti ili likimbie zaidi, utakachopata ni gari lenye breki za nyuma tu linalokwenda kasi ambayo breki hizo haziiwezi.

Kabla ya kushika spana

Volti 84 za betri za gari hili zinaonekana ndogo kwa aliyezoea umeme wa nyumbani, na hapo ndipo wengi huumia. Umeme wa nyumbani hupita kwenye sifuri mara nyingi kila sekunde, kwa hiyo cheche yake huzimika upesi. Mkondo wa betri haupiti kwenye sifuri kamwe. Ukitenganisha waya wenye ampea 100, tao la umeme linabaki likiwaka kati ya ncha mbili, linayeyusha shaba na kurusha matone yake usoni. Vua pete na saa. Funga spana kwa tepu isipokuwa mdomo wake. Vaa miwani kila unapokaribia betri.

Gari lenyewe pia lina sumu zake. Vizuizi vya cheche ndani ya kontrola na karatasi zinazozunguka vikinzani (vipunguza mkondo) mara nyingi ni asbesto: usipige brashi, usipulize kwa kompresa, lowesha kwanza na uvae barakoa inayofaa, au mpe mtaalamu aiondoe. Mita ya ampea-saa ya Sangamo, iliyofungwa kwenye magari mengi, ina zebaki ndani. Usiigeuze juu chini wala usiifungue mezani. Unga mweupe au wa kijivu ndani ya masanduku ya betri ni chumvi za risasi, na usiufagie ukiwa mkavu.

Mota

Itoe nje ya gari ukiweza. Kabla ya kufungua waya hata mmoja, piga picha na ufunge vibandiko kwenye ncha nne: A1 na A2 za rota, F1 na F2 za koili za sumaku. Soma bamba la mota na uandike volti, ampea na mizunguko kwa dakika. Volti za kwenye bamba ni za wakati wa kazi, kwa hiyo mota ya volti 80 inaendana na betri ya seli 42 ambayo ikipumzika husoma karibu 89.

Kwanza pima kihami, yaani kifuniko kinachozuia umeme usivuje. Ukiwa umetenganisha kontrola na betri kabisa, tumia megga (mita ya kupimia kihami) ya volti 250 au 500 kati ya kila koili na mwili wa mota. Ukipata chini ya megaomu 1, usikate tamaa na usiipeleke kusukwa upya bado. Pamba na sheleki ya zamani hunyonya unyevu kama sifongo. Weka mota kwenye joto la nyuzi 80 hadi 90 za selsiasi kwa saa 24, iache ipoe, pima tena. Usizidishe hapo, kwa maana kihami cha pamba kinaanza kuharibika zaidi ya nyuzi 105. Kama baada ya kukausha mara mbili kipimo bado kiko chini, ndipo fundi wa kusuka aitwe.

Koili za sumaku hazipimiki kwa mita ya kawaida, kwa kuwa ukinzani wake ni sehemu ndogo sana ya omu moja. Pitisha ampea 10 kutoka chanzo unachoweza kukidhibiti, kisha pima milivolti kwenye kila koili. Koili yenye omu 0.01 itakupa milivolti 100. Namba yenyewe haina uzito mkubwa, cha kutazama ni kama koili zote zinalingana. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, ndani yake kuna mizunguko iliyogusana.

Komyuteta, yaani silinda ya vipande vya shaba kwenye rota inayosuguliwa na brashi za kaboni, ndiyo inayoharibiwa zaidi na mikono yenye nia njema. Rangi ya kahawia iliyokolea, laini kama chokoleti, ni afya, usiisugue mpaka ing'ae. Kama kuna makovu ya kuungua au imekuwa na umbo la yai, ipelekwe kwenye mashine ya kukereza na kutolewa kidogo iwezekanavyo. Kusafisha kwa mkono tumia msasa laini wa mbao au wa kioo. Msasa mweusi wa chuma uache kabisa, kwa sababu punje zake hupitisha umeme na hujichomeka kati ya vipande vya shaba.

Halafu kuna mika, madini ya kuhami yaliyo kati ya vipande hivyo, na hapa vitabu vya kisasa hupotosha. Mafundi wa leo hukata mika iwe chini ya shaba kwa karibu milimita 0.8. Mota nyingi za wakati ule ziliacha mika sawa na uso wa shaba, zikatumia brashi ngumu za kaboni zilizoisaga taratibu. Vyote viwili hufanya kazi, lakini usivichanganye. Ukifunga brashi laini za kisasa juu ya mika isiyokatwa, mika itabaki juu shaba ikilika, brashi zitarukaruka, na utaona cheche za bluu kuzunguka komyuteta nzima. Ukikata mika na kuacha brashi ngumu za zamani, zitakula shaba. Tunashauri kukata mika na kununua brashi za kaboni laini zenye grafiti, zenye upana uleule, kisha kuzikalisha kwa kuzungushia msasa juu ya komyuteta, upande wa ukali ukiitazama brashi. Springi iibane brashi kwa gramu 150 hadi 250 kwa kila sentimita ya mraba. Ipime kwa mizani ya ndoano, usikadirie kwa kidole.

Jaribio la kuzungusha lina onyo moja linalozidi yote: mota ya mfuatano isiyo na mzigo haina kikomo cha kasi. Kadiri inavyokimbia ndivyo mkondo unavyopungua, sumaku inadhoofika, nayo inazidi kukimbia mpaka waya za rota zinachomoka kwa nguvu ya mzunguko. Usiiunganishe kamwe na betri nzima ikiwa mezani au magurudumu yakiwa hewani. Betri moja ya volti 6 inatosha. Ifunge mota kwa kibano, maana inaruka inapoanza. Izunguke dakika kumi, sikiliza beringi, tazama cheche chini ya brashi, gusa koili zote kama zinapata joto sawa.

Ikizunguka kinyume, geuza ncha za rota pekee au za koili za sumaku pekee. Kugeuza nguzo za betri hakubadilishi kitu, kwa sababu vyote viwili hugeuka pamoja. Swali hili hurudi kila mara, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini kontrola ina vidole vingi kiasi kile upande wa kurudi nyuma.

Kontrola

Ni ngoma ya mbao au ya kihami kigumu yenye vipande vya shaba, na safu ya vidole vya shaba vinavyoigusa. Ukizungusha wenzo, vidole hukutana na vipande tofauti. Kabla ya kufungua chochote chora jedwali: safu za kushuka ni vidole, safu za kwenda kando ni vituo vya wenzo. Weka wenzo kwenye kila kituo, pima kwa mita vidole gani vinaungana, weka alama. Kazi hii huchukua nusu siku na inaokoa wiki mbili. Michoro ya kiwanda ikipatikana, bado fanya jedwali lako, kwa kuwa magari haya yalibadilishwa waya mara nyingi na mafundi wa gereji za wakati wake.

Mifumo iko miwili mikuu. Wa zamani hugawa betri katika mafungu. Chukua mfano wa seli 40 katika mafungu manne ya seli 10: kituo cha kwanza huweka mafungu yote sambamba na mota hupata volti 20, cha pili huweka mawili mawili kwa volti 40, cha mwisho huyapanga yote kwa mfuatano na kutoa 80. Hakuna nguvu inayopotea kuwa joto, ndiyo maana wabunifu waliupenda. Udhaifu wake ni kwamba mafungu yasipolingana, yanapowekwa sambamba fungu lenye nguvu humwaga mkondo ndani ya fungu dhaifu hata gari likiwa limetulia. Kwenye gari la aina hii betri zote lazima ziwe za toleo moja, umri mmoja, na zichajiwe zikiwa katika mfuatano.

Mfumo wa baadaye huacha betri nzima katika mfuatano daima. Vituo vya mwanzo hupitisha mkondo kwenye vikinzani, vya mwisho hubadili koili za sumaku kutoka mfuatano kwenda sambamba ili sumaku idhoofike na mwendo uongezeke. Hapa vituo vya vikinzani ni vya kuanzia tu. Dereva anayetembea mtaa mzima akiwa kituo cha kwanza anachemsha vikinzani kama jiko, na sakafu iliyo juu yake ni mbao.

Vidole vyenye ncha zilizoyeyuka vibadilishwe vyote kwa pamoja, si kimoja kimoja, kwa sababu kinachotangulia kugusa ndicho kinachobeba cheche yote. Kila kidole kikae sawasawa juu ya shaba na kirudi chenyewe kikiinuliwa kama milimita 3. Paka vaselini kidogo sana, kiasi cha kufuta kwa kitambaa. Grisi nyingi hukusanya unga wa shaba, na unga huo huwa daraja kati ya vipande viwili.

Angalia pia kufuli la usalama. Magari mengi huzuia wenzo usiingie nyuma mpaka kanyagio fulani likanyagwe, na yana ufunguo unaochomolewa ili kukata saketi. Kama kufuli hilo limeondolewa, na mara nyingi limeondolewa, lirudishe kabla ya mwendo wa kwanza.

Waya, fyuzi na uvujaji

Mpira wa waya wa asili umekuwa mgumu kama ganda la yai. Badilisha waya wote wa nguvu. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 35 inatosha: kwenye barabara tambarare gari hula ampea 25 hadi 35, na mlimani huvuka 100 kwa muda mfupi. Anayetaka sura ya zamani huivika kebo ya kisasa soksi ya pamba iliyosukwa. Ncha zikandamizwe kwa mashine ya kukandamizia, si kulehemu peke yake, kwani lehemu hulegea kiungo kinapopata joto.

Weka fyuzi kwenye kila sanduku la betri, karibu na terminali ya kwanza, na swichi kuu ambayo dereva anaifikia akiwa ameketi. Zote ziwe zimeandikwa kiwango cha mkondo mnyoofu cha volti 125 au zaidi. Fyuzi ya gari la kisasa ya volti 32 ikikatika kwenye volti 84 itaendelea kuwaka ndani ya kasha lake.

Katika gari hili fremu haipaswi kuunganishwa na chanya wala hasi. Betri nzima inaelea. Pima volti kati ya fremu na chanya, kisha fremu na hasi. Kama usomaji ni karibu sifuri na hautulii, vizuri. Ukisoma volti nyingi upande mmoja, kuna uvujaji upande wa pili, na mara nyingi ni unyevu wa asidi juu ya betri au ndani ya sanduku la mbao. Osha kwa maji yenye baking soda, kausha, pima tena. Uvujaji mmoja haukuumizi siku ya kwanza. Ukipatikana wa pili mahali pengine, fremu yote inakuwa waya.

Taa usizivute kwenye betri mbili za kundi ili kupata volti 12. Betri hizo mbili zitakuwa nyuma ya wenzake kila siku, na ndani ya miezi michache zitakufa peke yake. Tumia kigeuzi cha kushusha volti kinacholishwa na kundi zima.

Betri

Chaguo linalofanya kazi bila maajabu ni betri za risasi zenye maji, za volti 6, za aina inayotumika kwenye vigari vya gofu, zenye takriban ampea-saa 220. Kumi na nne hutoa seli 42 na volti 84. Kila moja ina uzito wa karibu kilo 28, jumla kilo 392, na uzito huo unahitajika, kwa kuwa springi na usukani vimepangwa kwa ajili yake. Gawa mbele na nyuma kama masanduku yalivyo. Ukizirundika zote nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani wa fimbo unatikisika mkononi.

Hesabu ya umbali si ngumu. Ampea 30 kwa volti 80 ni wati 2,400, na kwa kilomita 30 kwa saa hiyo ni wati-saa 80 kwa kilomita. Betri mpya zina kama wati-saa 18,500 kwenye karatasi. Tumia nusu tu ili zidumu, na kwa tambarare unapata kilomita 115 hivi. Toa robo kwa ajili ya milima na kusimama mara kwa mara.

Betri za lithiamu zinawavutia wengi. Kwenye mfumo wa mafungu sambamba zikatae kabisa: mafungu ya lithiamu yakigusanishwa yakiwa na chaji tofauti hupitisha mkondo ambao vidole vya shaba haviwezi kuubeba. Kwenye mfumo wa mfuatano zinawezekana, lakini gari litainuka kwenye springi na itabidi urudishe uzito kwa vyuma.

Gari likija na seli za Edison za nikeli na chuma, umepata bahati. Toleo lake la mwanzo la 1903 lilivuja na kupoteza uwezo, Thomas Edison akasimamisha uzalishaji na kulitengeneza upya kwa miaka kadhaa. Lile lililofuata ni miongoni mwa betri zinazodumu kuliko zote, na zipo ambazo bado zinashika chaji hadi leo. Seli ya A-4 ina ampea-saa 150 na huchajiwa kwa ampea 30 kwa saa 7. Kwa kuwa kila seli hutoa volti 1.2 tu, gari huhitaji seli nyingi zaidi, mara nyingi 60. Ndani yake mna potashi, si asidi. Tone moja la asidi huanza kuziua, kwa hiyo haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya betri), faneli na chupa ya maji vya seli hizi visiguse betri za risasi kamwe. Uzito wa potashi mpya ukilinganishwa na maji ni 1.200, ukishuka hadi 1.160 seli ikiwa imejaa chaji, ni wakati wa kubadilisha maji yote. Makopo ya chuma yasigusane wala kugusa boliti ya sanduku. Kwenye baridi kali hulegea sana, na hiyo si hitilafu.

Kuchaji

Katika miaka ya 1910 gari lilichajiwa kwa chombo cha zebaki, taa kubwa ya kioo yenye mwanga wa kijani-bluu iliyotokana na uvumbuzi wa Peter Cooper Hewitt wa 1902. Kinapendeza kukitazama na mahali pake ni rafuni. Kioo chake kina zebaki, mwanga wake una miale inayodhuru macho, na terminali zake ziko wazi.

Nunua chaja ya kisasa inayoweza kupangwa kwa seli 42. Anza na ampea 22 hadi 28, yaani kati ya asilimia 10 na 13 ya uwezo. Ishikilie volti 103 (2.45 kwa seli) mpaka mkondo ushuke hadi ampea 4 hivi, kisha izime au ishuke hadi 94.5. Mara moja kwa mwezi ipandishe hadi karibu 108 kwa saa mbili au tatu ili kusawazisha seli zilizobaki nyuma, ukipima haidromita kila nusu saa. Simamisha pale namba zinapoacha kupanda. Seli iliyojaa husoma karibu 1.275, tupu husoma karibu 1.150. Chagua seli moja katikati ya kila sanduku iwe ya kupima kila safari, na mara moja kwa mwezi pima zote.

Maji yaliyokenekwa yaongezwe baada ya chaji, si kabla. Chaji huvimbisha maji, na seli iliyojazwa mapema hutapika asidi juu ya betri, nawe unarudi kwenye uvujaji tulioueleza. Isipokuwa bamba liko nje ya maji: hapo ongeza kiasi cha kulifunika tu, chaji, kisha malizia.

Mwishoni mwa chaji hutoka hidrojeni. Kila ampea-saa inayopotea kuwa gesi hutoa lita 0.42 kwa kila seli, hivyo ampea 10 kwenye seli 42 ni lita 176 kwa saa. Hidrojeni huwaka ikifika asilimia 4 ya hewa. Kuibakisha chini ya asilimia 1 kunahitaji karibu mita za ujazo 18 za hewa mpya kila saa. Fungua vifuniko vyote viwili vya masanduku, fungua mlango, na kamwe usichomoe waya wa chaja kabla ya kuizima.

Kinachoua betri za risasi kuliko vyote ni kukaa tupu. Salfeti inayojengeka kwenye mabamba huwa ngumu baada ya siku chache na hairudi tena. Kampuni za teksi za umeme zilizoanza New York na London mwaka 1897 zilijifunza hilo kwa hasara. Kule New York betri nzima ilichomolewa kwa mitambo na nyingine kuingizwa kwa dakika chache, mpango mzuri kabisa, lakini betri zilitumika kwa pupa, zikatikiswa barabarani, zikaharibika kuliko hesabu ilivyotarajia. Gari moja la familia lililochajiwa kila jioni lilidumu na betri zake muda mrefu kuliko teksi yoyote. Clara Ford, mke wa Henry Ford, alikuwa na Detroit Electric ya 1914, huku mumewe akitengeneza magari ya petroli kwa maelfu.

Mwendo wa kwanza

Kabla ya umeme, sukuma gari kwa mkono kwenye sakafu tambarare. Mtu mmoja anapaswa kuliweza, hata likiwa na betri zake zote. Kama haliendi, tafuta breki inayoburuta, beringi kavu au tairi laini. Matairi ya mpira mzito yasiyo na hewa hula umeme zaidi, hilo likubali. Ekseli yenye gia ya skrubu huwa na gurudumu la shaba ndani: weka mafuta mazito yasiyo na viongezi vya salfa, maana salfa hula shaba.

Inua magurudumu ya nyuma kwa jeki imara, zuia ya mbele, unganisha volti 12 tu mahali pa betri nzima. Pitia vituo vyote mbele na nyuma. Breki zijaribiwe hapa hapa. Kisha shusha gari, funga betri nzima, nenda mahali pasipo watu na pasipo mteremko.

Wenzo kituo cha kwanza, subiri gari lianze kutembea, kisha cha pili, subiri tena. Kila kituo kipewe sekunde mbili au tatu. Tazama ampea: inapanda ghafla, inashuka, ndipo unasonga mbele. Ukiruka vituo sindano inagonga mwisho na vidole vya kontrola vinalamba moto. Ukitaka kusimama, rudisha wenzo kwenye sifuri kwanza, halafu breki. Usiwahi kulishikilia gari mlimani kwa mota badala ya breki: rota iliyosimama hupeleka mkondo wote kwenye vipande viwili vitatu vya komyuteta, navyo huungua hapohapo na kuacha kovu utakalolisikia kila mzunguko.

Usukani wa fimbo ujifunzwe gari likiwa limesimama, kwa kuwa mwelekeo wake haufanani na gurudumu la usukani na hauna nafasi ya kufikiri. Ushike imara kwenye mashimo, hupiga nyuma.

Dalili chache za kawaida. Gari likitembea vituo vyote isipokuwa kimoja, kidole kimoja hakigusi, rudi kwenye jedwali lako. Likianza kwa kuruka badala ya kuteleza, kikinzani kimekatika au kimerukwa na waya. Likipoteza nguvu baada ya kilomita 10 ilhali volti za kupumzika ni nzuri, pima kila betri gari likiwa linavuta ampea 50, na ile inayoshuka chini ya volti 5.3 ndiyo mgonjwa. Cheche zikiwa kwenye brashi moja tu, springi yake imelegea. Zikiwa kwenye brashi zote na mota imetoka kusukwa, kishikilia brashi kimesogezwa kutoka alama yake ya kiwandani.

Baada ya kilomita 20 za kwanza simama, zima swichi kuu, na upitishe kiganja karibu na kila terminali bila kuigusa. Iliyo moto imelegea. Kaza zote, rudia baada ya safari ya tano, kisha kila miezi mitatu. Chaja iwashwe jioni ileile gari likirudi, hata kama limetembea kilomita tatu tu.